Rangi nyeupe, hewa ya Unguja na Fokker ya ami yangu

Kama unakaa Unguja au Pemba na unataka kuunganisha modeli za ndege za plastiki, basi kabla hujafungua kikopo cha rangi nenda jikoni kaangalie chumvi. Mie ndo nnavofanya, maana chumvi ndo inayonambia hewa ina unyevu kiasi gani. Chumvi ikimiminika vizuri siku hiyo napaka, ikiwa imegandana mpaka uigonge gonge na kijiko, siku hiyo nakata vipande, napiga msasa, nasoma karatasi ya maelekezo, lakini vanishi siigusi kabisa. Nasema hivi kwa sababu ile karatasi inayokuja ndani ya boksi haikuandikwa na mtu wa huku, imeandikwa na mtu wa Uingereza au Japani ambae hewa yake ni nyengine, ikisema subiri masaa kadhaa ikauke basi hayo ni masaa ya kwao, ya kwetu inabidi tuyatafute wenyewe.

Boksi lililonifundisha mengi kuliko yote ni ndege ya abiria Fokker F27 Friendship ya Airfix, kiwanda cha modeli cha Uingereza, skeli ya 1/72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege ya kweli. Ami yangu alikuja nalo kutoka Uingereza, alilipata kwenye soko la vitu vikuukuu, pembe moja imebonyea lakini ndani vipande vyote vimo. Akaniwekea mezani akanambia, "Mwanangu, ndege hii ndo nliyopanda mwanzo kwenda Dar, nataka niione tena, na iwe nyeupe juu kama nnavoikumbuka." Aliipanda zama za East African Airways, lile shirika la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, lililoanza mwaka 1946 na likavunjika 1977. Ukimwachia hapo atakuhadithia mpaka alasiri, namna dirisha lilivokuwa kubwa la umbo la yai, na bawa la Fokker liko juu ya mwili kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuona chini, aliuona mnara wa taa wa Chumbe anasema mpaka kivuli chake kwenye maji, na zile injini mbili za Rolls-Royce Dart zinapiga mluzi hata ukishashuka masikio bado yanalia.

Ndege yenyewe ya kweli kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyengine ni mita 29, gawa kwa 72 unapata kama sentimita 40, yaani ni kitu cha kujaza meza. Spitfire, ile ndege ya vita ya zamani ya Uingereza, kwa skeli hiyo hiyo haifiki sentimita 16. Ndo maana anaetaka kuanza namshauri achukue Spitfire kwanza, zile seti za kuanzia ambazo rangi, gundi na brashi vimo humo humo ndani ya boksi, na pia ile rangi yake ya vita, kahawia na kijani juu, inakusaidia sana, pakiwa na alama ya brashi haionekani sana. Nyeupe haikuachii. Kila punje ya vumbi utaiona, kila unywele, kila mahali ulipozidisha au ulipopunguza. Ndege nyingi za abiria za zamani zilipakwa nyeupe kwenye paa ili jua lisiwachome watu ndani, kwa hiyo ukipenda ndege za abiria kama mie hukwepi, nyeupe itakukuta tu.

Hatua za mwanzo ntazipita haraka maana hazina tofauti na kwengine. Osha vipande vyote na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu vikiwa bado kwenye fremu zake, kuna mafuta ya kiwandani yanabaki na rangi haishiki juu yake. Kata na wembe au kikoleo chembamba, usivunje na mkono. Boksi la zamani kama hili kalibu zake zimeshachoka, pembezoni mwa vipande kuna plastiki iliyovuja inabidi uikwangue polepole, na mwili mzima umejaa vichwa vya ribiti vilivyotokeza ambavyo kwa skeli hii ni vikubwa mno, mie nilivipunguza na msasa wa maji nikaviacha kidogo tu vionekane, wengine wanaviondoa vyote, kila mtu na jicho lake.

Kuhusu gundi, elewa kwamba gundi ya modeli haifanyi kazi kama gundi nyengine, yenyewe inayeyusha plastiki ya pande mbili halafu zinashikana zikawa kitu kimoja. Ile ya maji maji unazibananisha pande mbili kwanza halafu unagusa mstari na brashi, yenyewe inakimbilia ndani. Supagluu huku kwetu inashika haraka mno kwa sababu unyevu ndo unaoigandisha, na sisi unyevu tunao wa kutosha, kwa hiyo ukiitumia hakikisha kipande umeshakiweka pale pale unapotaka. Ila supagluu na vioo havikai pamoja. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya kioo na haufutiki kwa kitambaa. Madirisha ya Fokker niliyashika na gundi nyeupe ya mbao, ile ya fundi seremala, ikikauka inakuwa haina rangi na wala haili plastiki. Na tafadhali sana dawa ya kuondolea rangi ya kucha isiwe karibu na meza yako, ina asetoni na asetoni inayeyusha plastiki hii hii.

Kabla hujafunga mwili weka uzito puani. Fokker ina gurudumu la mbele na magurudumu mawili marefu yanayotoka chini ya injini, na kwenye modeli mkia unashinda, usipoweka kitu itakaa na mkia chini na pua juu. Mie nilikwenda kwa wauza mishipi ya kuvulia nikanunua chubwi ndogo za risasi, nikazipanga nyuma ya kioo cha marubani mpaka niliposimamisha mwili kwa vibanio vya nguo na pua ikabaki chini. Nawa mikono ukishashika risasi, na watoto wasichezee.

Sasa rangi.

Mtu alienifunulia jambo hili si mtu wa modeli kabisa, ni fundi wa rangi za gari, gereji yake iko Mwanakwerekwe. Nilikwenda kumuuliza wapi anapata msasa laini wa namba kubwa, nikamkuta amekaa tu na gari iko mbele yake imeshapigwa praima, ile rangi ya kutangulia, iko tayari, na mwenye gari amesimama ana haraka. Ilikuwa masika, mvua imetoka kukatika na jua limewaka, mie kwa akili yangu huo ndo wakati wa kupaka. Nikamuuliza, "Bwana fundi, mbona hupigi na jua lishatoka?" Akanambia, "Maalim, jua limetoka lakini maji hayajaondoka, yako hewani. Nikipiga glosi saivi itanigeukia nyeupe." Akanionesha mlango wa gari nyengine kuukuu uliopakwa kwenye hali kama ile, ulikuwa na utando wa ukungu uliotanda kutoka juu mpaka kwenye kitasa, rangi nyekundu imekuwa ya kufifia, ukigusa ni laini tu lakini mng'aro hakuna.

Niliporudi nyumbani nikatafuta sababu yake na ni jambo rahisi kueleweka. Thina inayokimbia haraka inapoondoka inachukua joto la ile sehemu uliyopaka, sehemu inapoa, na hewa ikiwa na maji mengi yale maji yanatua juu ya rangi ambayo bado ni mbichi, yanaingia ndani yake, yanabaki humo. Ndo ule ukungu. Kwa hiyo vanishi ya kopo la kupuliza, ambayo thina yake ni kali, ndo inayoathirika zaidi, na rangi inayokauka polepole haiathiriki sana. Nikachukua vijiko vya plastiki vya kulia aiskrimu nikavipaka vyote rangi moja, nikawa nakipulizia vanishi kimoja kimoja katika hali tofauti, asubuhi ya umande, mchana wa jua, jioni baada ya mvua, naandika nyuma yake kwa kalamu. Vile vya baada ya mvua viligeuka maziwa. Vile vya siku ya upepo mkavu vilibaki safi. Na hapo ndo nlipogundua kwamba siku vijiko vinapoharibika ndo siku ambayo chumvi jikoni imeganda, basi tangu hapo chumvi ndo kipimo changu. Kama chako kimeshageuka usikate tamaa, subiri siku kavu upulize tabaka jembamba juu yake, mara nyingi ile thina mpya inaufungua ule utando na maji yanapata njia ya kutoka.

Vijiko hivyo nnavyo mpaka leo na nakuomba na wewe fanya hivo, usijaribie rangi kwenye ndege.

Misimu yetu kwa mtu wa rangi iko hivi. Masika, mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano, mie naunganisha tu, nakata, napiga puti kwenye maungio, nasugua. Kipupwe, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, ndo wakati mzuri kuliko wote, hewa imepoa na imekauka, isipokuwa upepo wa kusi unaleta vumbi kwa hiyo dirisha la upande wa upepo lifungwe na la upande wa pili liwe wazi, maana harusi ya harufu ya thina na chumba kilichofungwa si kitu cha kucheza nacho. Vuli inakuja na mvua zake fupi, hapo unavizia. Kaskazi ni jua na joto, na shida yake ni kinyume, rangi ya maji inakauka kwenye ncha ya brashi kabla haijafika kwenye plastiki, unaburura kitu kizito na alama zinabaki. Wakati wa kaskazi napaka alfajiri nikishasali mpaka kama saa tatu asubuhi, baada ya hapo nafunga.

Na aina ya rangi nayo ina maana. Akriliki za Tamiya ya Japani, ambazo ni rangi za maji, ni nzuri sana kwa anaepuliza lakini kwa brashi ni ngumu, zina spiriti ndani, tabaka la pili linaamsha la kwanza na brashi inalivuta. Mie sina kompresa na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo nyeupe ya Fokker niliipaka kwa brashi na rangi ya mafuta, Humbrol, ile ya vikopo vidogo vya bati, unaipunguza kwa tapentaini. Inakauka taratibu, alama za brashi zinapata muda wa kujilaza zenyewe. Lakini taratibu maana yake ni siku nzima na usiku wake kati ya tabaka na tabaka, na huku kwetu ukiongeza siku ya pili hupotezi kitu. Ukigusa mapema inaonekana imekauka juu kumbe chini bado, na tabaka jipya likija linakunja la chini.

Yule fundi alinambia kitu kuhusu tabaka la mwanzo ambacho ndo kilichoniokolea Fokker yote. "Maalim, hilo la mwanzo usilitake lifunike kitu. Kazi yake ni kushika tu." Basi tabaka la mwanzo la nyeupe juu ya praima ya kijivu hafifu linaonekana baya, madoa madoa, kijivu kinachungulia kila mahali, na mkono unakuwasha kurudia pale pale. Usirudie. Rangi iwe nyepesi, brashi pana na laini, pita mara moja kutoka pua kwenda mkia, ondoka. Tabaka la pili pita kutoka juu ya mgongo kushuka ubavuni. La tatu rudi urefu. Katikati yake paka maji msasa wa 2000 ugusie tu yale yaliyotokeza, pangusa, acha ikauke. Kufika la nne nyeupe inaanza kujaa yenyewe, unaiona inakuwa na kina, na ribiti bado zinaonekana chini yake kwa sababu hukuzizamisha kwa rangi nzito. Nliifurahia sana siku hiyo, niseme ukweli, niliigeuza geuza dirishani muda mrefu.

Vumbi nalo ni kazi yake peke yake. Zima pangaboi kabla hujafungua kikopo, si wakati unapaka, maana vumbi linalorushwa linaendelea kutua muda mrefu baada ya kuzimwa. Nyunyiza maji kidogo sakafuni, lakini si siku ambayo unapiga vanishi. Na cha kufunikia nimejaribu beseni, linazuia vumbi lakini mvuke wa tapentaini unabaki humo ndani na rangi haikauki. Mama aliponiona nnavohangaika akanipa kawa kuukuu la ukili, akasema, "Hili chukua, la futari usiliguse." Na kawa ndo jawabu lenyewe. Hewa inapita, vumbi halipiti, na kwa vile limeshatumika miaka mingi halitoi tena nyuzi. Ndani yake nimeshonea kitambaa chembamba cha mtandio. Fokker inaingia kwa mkato, bawa moja linaelekea huku na jengine kule, lakini inaingia.

Chini ya mwili ni rangi ya fedha, na mstari kati ya fedha na nyeupe ndo unaoonekana kwanza na kila mtu. Maskintepu ya duka la vifaa vya ujenzi ni nene na ukingo wake umechakaa, kwa hiyo ubandike kwenye kioo, ukate upya kwa wembe mpya na rula, utumie ule ukingo ulioukata wewe. Halafu kabla ya fedha pitisha nyeupe tena kwenye ukingo wa tepu, ikivuja itavuja nyeupe juu ya nyeupe, inaziba njia, ndo upake fedha. Tepu ibanduke rangi ikiwa bado haijawa ngumu, uivute kuirudia nyuma, si kuinua juu.

Stika za maji, zile unazozitia majini kwanza ndo zikabanduka kwenye karatasi yake, zilizokuja na boksi zilikuwa zimegeuka manjano kwa umri. Hili nalo jua letu linalitengeneza. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi, uubandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, baada ya wiki kadhaa manjano inafifia. Za zamani zinavunjika pia ukizitia majini, kwa hiyo kwanza zipige tabaka la vanishi juu yake, halafu ukate kila moja pembezoni. Na zisiwekwe kamwe juu ya rangi isiyong'aa, hewa inabaki chini yake na utaona weupe wa fedha kila jua likipiga. Vanishi ya glosi, yaani inayong'aa, kwanza, stika, halafu vanishi ya mwisho unayoitaka. Mimi nilitumia chache tu, mistari na alama ndogo ndogo, herufi za usajili niliziandika kwa mkono kwa brashi ya nywele tatu nne, kuanzia na 5H ambayo ndo ya Tanzania, ami alikaa pembeni na miwani yake anasema "ishushe kidogo, ishushe, hapo hapo."

Sasa hivi iko sebuleni kwake ndani ya kabati la vioo na nimemwomba aiweke mbali na dirisha, kwa sababu jua lile lile linaloponyesha stika ndo linalofifisha rangi, na watu wakija anawafungulia wanaiona, na mtoto wa jirani ameshaniletea ndege aliyoichonga kwenye ndara mbovu, mabawa yamekaa sawa sawa kabisa, nimemwambia kipupwe kikifika aje tuipake.

Ami keshaniagizia nyengine. Anataka Dragon Rapide, ile de Havilland ya mabawa mawili juu na chini, kwa sababu ndo ndege East African Airways walioanza nayo, na hata kabla yao Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, walikuwa wakizirusha mpaka Unguja. Heller, kiwanda cha modeli cha Ufaransa, waliwahi kuitoa kwa 1/72. Ndege hii mabawa yake yamefungwa kwa nyaya nyingi, na nyaya ntatumia mshipi wa nailoni ule mwembamba kuliko wote, unatoboa tundu kabla ya kuunganisha, unaupitisha, unauvuta, halafu unausogezea ncha ya kijiti cha ubani kilichowaka bila ya kuugusa, joto linaukaza wenyewe. Hilo nimeshalijaribu kwenye vijiti vya mishikaki na linafanya kazi. Rangi ya fedha ya mwili mzima ndo inayonipa mawazo kidogo, maana fedha inaonesha kila mkwaruzo wa chini, kwa hiyo msasa utaendelea masika yote na vikopo nafungua mwezi wa sita, chumvi ikiruhusu.